Danieli Mmoja au Wawili? Nasaba za Ugogo Kati ya Daftari na Simulizi

Koo nyingi za Dodoma ziko kwenye kazi ya kuandika nasaba zao, na haraka waliyo nayo inaeleweka. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mashamba ya Ihumwa, Nzuguni, Iyumbu na Mtumba, ambayo zamani yalikuwa ya uwele na mtama tu, yamegeuka viwanja vyenye bei. Shamba la babu likishapata bei, swali la nani ni mjukuu wa nani haliishii tena kwenye maongezi ya jioni. Linapelekwa kwenye kikao cha ukoo, na likishindikana hapo linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Ndipo watu wanapofungua masanduku ya bati, wanazunguka parokia na misheni kuomba nakala, halafu wanakuta babu mmoja ana tarehe mbili za kufa.

Hapo ukoo hugawanyika. Wapo wanaosema fuateni karatasi, kwa kuwa karatasi haikuwa na upande wakati inaandikwa. Wapo wanaosema fuateni wazee, kwa kuwa karatasi iliandikwa na mtu asiyetujua. Nimesikia hoja za pande zote zikitolewa kwa uchungu wa kweli, na sidhani kama upande wowote unastahili kushinda moja kwa moja. Msimamo wangu ni huu: kila shahidi, awe daftari au bibi, asikilizwe kwa lile alilokuwa na sababu ya kulijua. Na pale ushahidi unapogongana, majina mawili yanayofanana yaachwe yawe watu wawili mpaka kipatikane kitu cha kuwaunganisha.

Kwanza tuone majina yale yale yanatoka wapi. Mjukuu hupewa jina la babu. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na kila nyumba ina haki ya kumkumbuka babu yule yule, kwa hiyo watoto watatu wa rika moja wanaweza kubeba jina moja ndani ya kaya moja. Kisha ikaja misheni. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kazi yao ilipoenea Ugogo, darasa zima la wabatizwa liligawana majina machache ya Biblia: Yohana, Petro, Danieli, Yakobo. Halafu karani wa boma naye akaongeza "bin", hata kwa mtu ambaye si Mwislamu. Mara nyingi aliyewekwa baada ya hiyo "bin" alikuwa mwenye kaya aliyejulikana kwa jumbe au mnyampala, hata kama mlipaji kodi alikuwa mtoto wa mdogo wake.

Tuseme sasa kuna ukoo upande wa Mvumi. Mfano nimeuunda mwenyewe, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Ukoo huu una karatasi nne. Ya kwanza ni nakala ya daftari la ubatizo: mwaka 1912, Danieli, mtu mzima, na kwenye safu ya baba limeandikwa jina la mzee mwenye kaya. Ya pili ni mstari wa daftari la mazishi: Danieli, jina la baba ni lile lile, amezikwa mwaka 1919. Ya tatu ni ubatizo wa mtoto wa kike wa mwaka 1924, baba Danieli, mama Mariamu. Ya nne ni risiti ya kodi ya mwaka 1931. Imekunjwa mara nne hadi imetoboka kwenye mikunjo, lakini jina linasomeka: Danieli bin yule yule mzee. Wazee wakiulizwa wanajibu bila kusita kwamba babu Danieli alikuwa mmoja, alichukuliwa upagazi kwenye vita ya Mjerumani, akarudi, akalea watoto wake, akafa mzee.

Anayetetea karatasi ataona jambo limekwisha. Aliyezikwa mwaka 1919 hawezi kulipa kodi mwaka 1931, kwa hiyo ni watu wawili na wazee wamewachanganya.

Anayetetea wazee naye ana jibu zito, na sipendi linavyopuuzwa. Mwaka 1919 Ugogo ilikuwa ndani ya Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu, mvua zikakosekana, mafua makubwa ya 1918 yakaja juu yake. Watu walitawanyika kwenda Ukaguru na Uhehe kutafuta chakula, wengine wakiacha watoto kwa waliokuwa na akiba. Mwalimu wa misheni aliyeandika mazishi katika mwaka huo aliandika wengi, na pengine alimwandika kwa kuambiwa tu mtu aliyeaminiwa kuwa amefia njiani. Tena vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS, kwa kuwa walikuwa raia wa nchi adui, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu wenyeji waliokuwa wenyewe chini ya shaka. Vitabu vya miaka hiyo visisomwe kana kwamba viliandikwa katika utulivu.

Risiti ya kodi nayo ina udhaifu wake. Mjerumani alianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na Mwingereza akaweka sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Daftari la kodi lilikuwepo ili kukusanya fedha. Mwenye nyumba zaidi ya moja angeweza kuonekana zaidi ya mara moja. Aliyekwenda kukata mkonge Kilosa angeweza kuandikwa huko kwa jina jingine. Na anayekwepa kodi hakuwa na sababu ya kumwambia karani jina la kweli. Tahajia ndiyo kabisa. Jina linaloanza na "Chi", Mjerumani ataanza na "Tsch", Mwingereza ataandika "Ch", na waliozoea maandishi ya Cigogo wataandika "Ci". Mtu mmoja anaweza kugeuka watatu kwa kalamu tu. Na kwa kuwa chini ya Mwingereza usajili wa vizazi na vifo haukuwa lazima kwa Waafrika walio wengi, hakuna daftari kuu la kusahihishia makosa hayo.

Kwa hiyo karatasi inaweza kumfanya mtu mmoja awe wawili. Wanaosimamia wazee wako sahihi hapo.

Lakini simulizi nayo ina tabia zake. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyetumia maisha yake kutetea simulizi za Afrika kuwa chanzo halali cha historia, ndiye huyo huyo aliyeonya kwamba simulizi hukunja vizazi: wawili wasio na tukio kubwa la kuwatenganisha humezwa na mmoja. Majina yanapofanana kukunjana huko ni rahisi zaidi. Mtunya uliwaondoa wazee ambao wangeweza kusema "yule alikuwa mwingine". Miaka ya mwanzo ya 1970, Operesheni Dodoma ikawahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa, na kaya zikaacha nyuma mahame na makaburi yaliyokuwa yakiwakumbusha nani alilala wapi. Na tuseme wazi jambo ambalo vikaoni watu hulizunguka: mzee anayesimulia leo ana wajukuu wanaodai shamba. Huenda hadanganyi hata kidogo, ila kumbukumbu inayompa mjukuu wake haki hurudiwa mara nyingi zaidi kuliko ile inayomnyima.

Basi Danieli wetu tumweke wapi? Mimi ningeacha kwanza jina lake, nimtafute Mariamu. Wanawake ndio wanaofungua mafundo haya mara nyingi zaidi, na inasikitisha kwamba nasaba nyingi zinazoandikwa Dodoma leo ni safu za wanaume watupu. Tuseme daftari la ndoa linaonyesha kwamba mwaka 1913 Danieli alimwoa Mariamu, binti wa fulani wa kijiji fulani. Kisha kwenye ubatizo wa 1924 mama ni Mariamu, binti wa mtu yule yule. Mwenye haraka atasema: mke mmoja, mume mmoja, wazee wameshinda, mazishi ya 1919 yalikosewa.

Asikimbilie hapo. Katika jamii inayofuata ukoo wa baba, mjane wa ndugu alirithiwa. Na mtoto wa baba mdogo, kwa mila, ni ndugu kamili. Kanisa la Kianglikana halikumruhusu mtu kumwoa mjane wa ndugu yake wa tumbo moja, lakini orodha yake ya ndoa zilizokatazwa haikumgusa binamu. Kwa hiyo Danieli wa pili, binamu mwenye jina lile lile, aliyelelewa kwenye kaya ile ile na kuandikwa "bin" kwa mzee yule yule, angeweza kumwoa Mariamu kanisani bila mchungaji kuona kasoro, huku ukoo ukiona kaka amesimamisha nyumba ya kaka yake. Watoto waliozaliwa kabla ya 1919 wakamwita baba. Waliozaliwa baada yake wakamwita baba. Vitukuu wakisema "Danieli alikuwa mmoja", wanatunza kumbukumbu ya nyumba moja, yenye mama mmoja na baba aliyeitwa Danieli mwanzo hadi mwisho. Kuhusu nyumba wako sahihi. Kuhusu idadi ya wanaume, daftari la mazishi huenda ndilo lililo sahihi.

Maelezo haya bado ni dhana, na ningekataa yaandikwe kwenye nasaba kama jambo lililothibitishwa. Yanahitaji kitu kingine kilichotoka kwenye chanzo tofauti: orodha ya walipa kodi wa kijiji yenye Danieli wawili katika mwaka ule ule, kabla ya 1919, au bibi wa ukoo wa kina Mariamu, asiye na dai lolote kwenye shamba, anayekumbuka kwamba shangazi yao aliposwa mara mbili katika kaya moja. Ushahidi wa upande wa wakwe nauheshimu sana, kwa sababu waliotoa binti walijua walimpa nani, na mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe. Mtu haisahau kaya iliyoleta ng'ombe.

Katika koo za watemi mgogoro huu una sura nyingine. Gavana wa Tanganyika, Donald Cameron, alipoanza kutawala kwa kupitia watemi, kwa sheria ya mwaka 1926, maofisa wa wilaya walitafuta mwenye haki ya kiti, wakaandika nasaba kwenye vitabu vya wilaya ambavyo leo viko Nyaraka za Taifa. Ni karatasi, lakini kilichomo ni simulizi za waliokuwa wakigombea kiti mbele ya ofisa mwenye kukitoa. Mathias Mnyampala naye, mzaliwa wa Ugogo, alichapisha historia ya Wagogo mwaka 1954, na ni kazi ninayoiheshimu. Ila mzee aliyesoma kitabu, au aliyesomewa, anaweza kukurudishia habari zake kama urithi wa babu zake, na wewe ukadhani umepata mashahidi wawili kumbe ni mmoja. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu vyanzo inafaa kuuliza kila kimoja kilipata wapi habari zake.

Vijana hupendekeza vipimo vya vinasaba (DNA). Vinasaidia kwa mambo mengine, lakini kromosomu ya Y hupita kutoka baba kwenda mwana karibu bila kubadilika, na watoto wa kiume wa ndugu wawili wa baba mmoja wanaibeba ile ile. Kwa Danieli hawa wawili, kipimo hicho kitarudisha jibu ambalo ukoo unalijua tayari: ni damu moja.

Wanaopinga msimamo wangu wa kuwaacha wawili wana hoja inayonigusa. Wanasema ukishaandika Danieli wa kwanza na Danieli wa pili, umewapa wajukuu mstari wa kugawana, na watu waliokula pamoja miaka yote wataanza kuitana "upande wa kule". Hilo hutokea. Hata hivyo, kuwaunganisha kimakosa kunaumiza kwa njia isiyotengenezeka: watoto wa marehemu wa 1919 hupoteza baba yao kabisa, na nasaba ikishanakiliwa na kila tawi, hakuna atakayerudi kumtafuta mtu ambaye hajui kwamba aliwahi kuwepo. Wawili walioandikwa kwa tahadhari wanaweza kuunganishwa siku karatasi ya tano ikipatikana. Mmoja aliyetokana na wawili ni vigumu kumtenganisha.

Lililo mikononi mwetu kwa sasa ni karatasi tunazozitengeneza wenyewe. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi mara nyingi unasema "marehemu babu yetu Danieli", sahihi ishirini chini yake, basi. Hausemi mama yake alikuwa nani, nyumba yake ilikuwa ya mke yupi, aliishi kijiji gani kabla ya Operesheni, wala aliyeeleza hayo ni nani na aliyasikia kwa nani. Mambo hayo manne yanaingia kwenye nusu ukurasa, na katibu wa kikao anaweza kuyauliza wakati bibi mkubwa wa ukoo bado amekaa kwenye mkeka.