Roboti Ikimvunja Mtu Mguu Kurasini, Nani Ajibu?

Kuna kisa ambacho karibu kila kundi linalocheza visa vya anga za juu mezani hukutana nacho siku moja. Chombo cha wachezaji kimetua kwenye bandari ya sayari ngeni. Roboti ya kupakua mizigo imeua mtu, ikatoroka, na sasa imejificha ndani ya chombo chao ikiomba hifadhi. Mwenye roboti anaidai kama mali yake. Askari wa bandari wanaitaka kama mtuhumiwa. Wachezaji waamue: waitoe, waifiche, au wasimame mbele ya hakimu wa sayari hiyo na kudai kwamba roboti nayo ni mtu.

Kwa asiyeijua michezo hii, watu wanne watano huketi kuzunguka meza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, husimulia dunia na kuwasemea wote waliomo. Kila mmoja wa waliobaki hushika mhusika wake na kumwamulia la kufanya, na pale jambo linapoweza kufaulu au kushindikana, hurushwa dadu. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa Dungeons & Dragons, ya mapanga na mazimwi. Mwaka 1977 ikaja Traveller, iliyoupeleka utaratibu huo kwenye sayari na vyombo vya angani. Hapa Dar es Salaam wanaocheza ni wachache, wengi wao vijana wa programu na uhandisi, lakini mtu aliyekulia kwenye paukwa na pakawa hahitaji kueleweshwa mara mbili.

Je, visa hivi vinatusaidia kufikiri kuhusu sheria ya mashine zinazojiamulia, au vinatupoteza? Nimewasikia wanasheria wakivibeza na nimewasikia wachezaji wakivitetea kwa moyo wote. Mimi naona kwamba swali linaloulizwa mezani mara nyingi silo, ila meza yenyewe ni mahali pazuri kuliko semina nyingi pa kuuliza lile linalotuhusu.

Nianze na wanaovibeza, kwa sababu hoja yao ni nzito. Wanasema visa vya roboti vimetuzoesha kutazama ndani ya mashine: ina nia? Ina hisia? Ina roho? Hata zile kanuni tatu mashuhuri alizozitunga Isaac Asimov katika hadithi ya mwaka 1942 ni amri zinazowekwa ndani ya roboti yenyewe, isimdhuru binadamu, itii, ijilinde. Si sheria ya jamii. Hazisemi mjane aende ofisi gani. Mahakama kwa upande wake huanzia kwa aliyeumia, na kutoka hapo humtafuta mwenye wajibu.

Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi wa miaka 25 alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri kwa mkono kwa kuwa mtambo wa roboti ulikuwa ukitoa hesabu zisizo sahihi. Mkono wa roboti ukamgonga kichwani, akafa palepale. Familia ilimshtaki mtengenezaji wa mtambo, na mwaka 1983 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) likaiamulia fidia ya dola milioni 10. Hakuna aliyeuliza roboti ilikuwa inafikiri nini. Waliuliza kwa nini mtambo haukuwa na vifaa vya kumlinda mtu aliyesogea karibu.

Mfano wa pili unanitia wasiwasi zaidi. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo wa gari ulimwona sekunde kadhaa kabla, ukawa unabadili mawazo: mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka akasema hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni dereva wa uangalizi aliyekuwa ameketi ndani, ambaye alidaiwa kutazama simu yake. Mwaka 2023 alikiri kosa dogo zaidi na kupewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama, bila kifungo.

Hapa Dar tunamjua mtu huyo. Kwenye daladala anaitwa deiwaka, anayeshika kazi ya mwingine kwa siku. Mashine itakapokosea katika ghala la Kurasini au bandari kavu yoyote, mkono wa kwanza utakaonyoshwa utamwelekea kijana aliyepewa rimoti asubuhi ile, asiye na mkataba, aliyeambiwa abonyeze kitufe chekundu akiona hatari. Kisa cha roboti inayoomba hifadhi hakimgusi kabisa. Hapo wanaobeza wana haki.

Sasa upande wa pili, ambao nao haupaswi kupuuzwa, hasa pwani hii. Wanaotetea visa hivi wanasema sheria imewahi kukosea vibaya kuhusu nani ni mtu, na mazoezi ya kuitilia shaka si anasa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Tanganyika, utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922. Maana yake wapo wazee tunaosalimiana nao leo ambao babu zao walizaliwa wakati ambapo binadamu aliweza kuorodheshwa pamoja na mbuzi na majahazi. Kijana wa Dar akishika mhusika wa roboti inayotoroka kwa bwana wake, Bagamoyo imo mezani, atake asitake. Nimeona wachezaji waliokuwa wakicheka dakika moja kabla wakinyamaza pale mwendesha mchezo, akiwa katika sauti ya hakimu, aliposoma hati ya umiliki.

Ukimya ule una thamani. Lakini siwezi kukubali pale hoja inapotaka kutufikisha. Mtumwa hakungoja sheria imfanye mtu; alikuwa mtu, ana mama anayemlilia, na sheria ilikuwa ikisema uongo waziwazi mbele ya kila mwenye macho. Mashine tulizonazo hazina mama wala kilio. Kuziweka kwenye sentensi moja na waliopita Bagamoyo ni kuwapunguzia waliopita. Na hata kama siku moja itajengwa mashine yenye kuumia kweli, tunayo njia nyingine ya kuilinda bila kuiita mtu: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkataza mwenye punda kumtesa, na haikumpa punda haki ya kusaini mikataba.

Kuna hoja ya tatu, kavu kidogo, ambayo wachezaji hawaitumii mara nyingi ingawa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kampuni ni mtu kisheria, na haina damu. Tangu shauri la Salomon la mwaka 1897 nchini Uingereza, kampuni na mwenye kampuni ni wawili tofauti, na kampuni zetu kuanzia Kariakoo hadi Masaki zinaendeshwa kwa msingi huo. Kwa nini basi roboti isisajiliwe, iwekewe fungu lake la fedha, na ikileta hasara ilipe yenyewe? Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililotaka wazo la namna hiyo lifikiriwe, likaliita hadhi ya mtu wa kielektroniki. Mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 walitia saini barua ya wazi kulipinga, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde (AI), iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, ikawabebesha wajibu wanaotengeneza na wanaotumia mifumo hiyo. Tangazo la Saudi Arabia la Oktoba 2017, kwamba roboti Sophia imepewa uraia, lilikuwa zaidi habari ya jukwaani.

Naungana na walioandika barua ile. Kampuni ina wakurugenzi, ina anwani ya kupelekewa hati ya wito, na mahakama ikiona ujanja inaweza kulifunua pazia na kumtoa aliyejificha nyuma yake. Roboti iliyopewa utu itakuwa pazia juu ya pazia. Tajiri ataisajili kwa mtaji mdogo, itavunja watu miguu, itafilisika, na chuma chakavu kitauzwa kwa kilo Vingunguti.

Basi sheria yetu inasemaje? Hapa ndipo natamani wachezaji wangefika, maana mambo yaliyopo ni ya ajabu kuliko sayari nyingi za kubuni. Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inazielekeza mahakama zetu, pale sheria tulizotunga zinapokuwa kimya, zichote kwenye kanuni za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Mwaka huohuo wa 1920 ndipo ilipochapishwa tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyowapa watu neno roboti kwa mara ya kwanza. Na miongoni mwa kanuni zilizokuwapo ni ile ya Rylands dhidi ya Fletcher, ya mwaka 1868: mtu alijenga bwawa, maji yakapasua njia na kufurika kwenye mgodi wa jirani, na ikaamuliwa kwamba anayeleta kwenye ardhi yake kitu cha hatari kikitoroka, analipa, hata kama hakuzembea.

Kanuni hiyo ya bwawa inaikaa roboti vizuri kuliko nilivyotarajia. Droni ikiruka nje ya ukuta wa ghala na kuangukia bati la jirani, mwenye ghala asijitetee kwamba programu ndiyo iliyoamua. Lakini kanuni inadai kitu kitoroke. Aliyevunjwa mguu ndani ya ukuta haimfai. Kama ni mwajiriwa, anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hulipa bila kubishana kosa lilikuwa la nani, na huo ni ulinzi mzuri kweli. Kibarua wa siku ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote anabaki katikati: hayuko nje ya ukuta, na kwenye karatasi hayuko ndani.

Kwake yeye ningependa bima ya lazima. Tayari Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kuwa barabarani bila bima ya kumlipa mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, na hakuna anayesubiri kujua kama gari lina nia mbaya. Mashine yenye nguvu ya kuua inayojiongoza mahali penye watu ingewekewa sharti hilohilo, iwe barabarani au ndani ya geti.

Roboti nyingi za Dar, hata hivyo, hazina mikono. Zimo kwenye simu, zinaamua nani akopeshwe, kiasi gani, na nani apigiwe simu za kudhalilishwa pamoja na ndugu zake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, zile ambazo mtaani huitwa kausha damu. Mama lishe aliyenyimwa au kubanwa na programu hana chuma cha kukinyoshea kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake na kumpa mtu nafasi ya kuyahoji. Kuyahoji kunahitaji kwanza ajue kwamba ni mashine iliyoamua. Mwaka 1984 ulitoka mchezo wa mezani uitwao Paranoia, ambamo jiji zima linatawaliwa na Kompyuta, na mchezaji akionyesha kwamba anazijua kanuni, hilo lenyewe ni uhaini. Ulitungwa kwa kejeli. Mkopaji wa programu isiyo na leseni hana la kucheka hapo.

Ndiyo maana sitaki meza hizi ziachwe. Mhadhara unatoa jibu. Meza inawalazimisha watu watano kuamua kabla dadu halijaanguka, kisha waishi na matokeo katika kikao kijacho. Kinachohitaji kubadilika ni vifaa. Traveller, kwa mfano, huipa kila sayari tarakimu moja ya ukali wa sheria, na tarakimu hiyo husema zaidi silaha zipi zimepigwa marufuku na askari watakusumbua mara ngapi. Hiyo ni sheria ikitazamwa na mgeni anayeshuka na bunduki. Sheria ya kuli aliyeumia haimo. Mchezo huohuo, kwa upande mwingine, una deni la chombo ambalo wachezaji hulilipa kwa miaka 40, na deni hilo huwafundisha mkataba ni nini kuliko kitabu.

Mwendesha mchezo wa hapa angeongeza tarakimu ya pili: katika sayari hii, aliyeumizwa na mashine anasubiri muda gani na anamdai nani. Kisha auanze upya ule mkasa wa bandarini bila roboti kuomba hifadhi. Mchezaji mmoja ashike mjane. Mwingine ashike mwenye ghala, mwingine kijana aliyekuwa na rimoti, na mwingine fundi mdogo wa Kijitonyama aliyeiunda mashine kwa akiba yake na ambaye bima ninayoipendekeza ikiwa ghali itamfunga kabla ya kuuza ya pili. Huyo wa mwisho ndiye anayenisumbua, kwa sababu kampuni kubwa ya nje italipa ada hiyo bila kuhisi, na soko litabaki lake. Labda ada ipimwe kwa uzito na mwendo wa mashine, labda mfuko wa pamoja wa watengenezaji wadogo uchangie. Sijaona kundi lililocheza sehemu ya fundi huyo hadi mwisho, na ningependa kuona wakifika wapi.