Mto hauna "ili"

Toka nikiwa mdogo nilijua kwamba kutoka mgomba wa mwisho wa mama mpaka kwenye maji ya mto Rau, huu unaoshuka kutoka Kilimanjaro kuja Moshi, ni hatua 11. Nilikuwa nazihesabu nikitumwa kuchota maji ya kumwagilia mchicha. Juzi nimeenda nyumbani nikahesabu tena, nikapata 4, halafu nikasimama maana mbele hapakuwa na pa kukanyaga.

Zingine ziliondoka masika ya 2024, usiku mmoja tu. Ziliondoka na masale mawili ya mwisho wa mpaka, yale aliyapanda babu. Na Mchaga yeyote anajua isale sio ua la urembo, likishapandwa maneno yamekwisha, jirani haling'oi na wewe huling'oi. Mto umeling'oa bila kikao.

Cha ajabu usiku ule kwetu hata haikunyesha ya maana. Mvua ilikuwa inapiga juu msituni, na watu wa mjini wanaoishi Moshi miaka nenda rudi bado hawalielewi hili, wanaangalia mawingu ya kwao. Msituni kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, huku chini haifiki nusu yake, na kutoka ukingo wa msitu mpaka tambarare ya Mabogini haifiki kilomita 30 lakini unashuka karibu mita 1,000. Kwahiyo unaweza ukawa umeanika mahindi, nyota zinaonekana, afu unasikia mto unaguruma kama fuso linapanda mlima na gia nzito. Ule mngurumo sio maji. Ni mawe yanagongana chini ya maji.

Sasa kinachonifanya niandike sio hasara, hasara tumeshaizoea. Ni maneno. Toka siku ile kila mtu anayepita kwa mama kumpa pole anamwachia na maelezo ya kwa nini. Kwenye jumuiya wakamwambia ni fundisho. Baba mdogo anasema ardhi inajisafisha, binadamu tumezidi uchafu. Kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka stendi akaniambia ile kauli ambayo nadhani umeshaisikia mpaka umechoka, "broo, maji hayasahau njia yake, mto umerudi kwake." Na mzee wa ng'ambo, ambaye mto umemsogezea kipande kizuri cha mchanga upande wake na ameshapanda nyanya na mihogo, yeye anasema kwa upole kabisa kwamba Mungu amemkumbuka.

Yaani mto mmoja, usiku mmoja, umefundisha, umesafisha, umerudi nyumbani na umegawa zawadi. Mwalimu gani huyo ana ratiba ya hivyo?

Mi naona tatizo lipo kwenye neno dogo sana, "ili". Ukiniuliza kwa nini mto umekula shamba la mama naweza kukujibu kwa "kwa sababu" mpaka jua lizame, sababu zipo na nyingi tunazijua. Ila nikianza kusema mto umefurika ILI, hapo nimeshaupa mto kichwa, nimeupa mipango, nimeupa na kinyongo. Mto hauna "ili". Una mteremko.

Angalia jinsi unavyofanya kazi. Mto ukipiga kona, maji ya upande wa nje yanakimbia zaidi na yanachimba ukingo kwa chini, ya upande wa ndani yanapoa na kushusha mchanga. Shamba letu liko nje ya kona, la mzee wa ng'ambo liko ndani. Basi, hiyo ndo siri yote ya aliyekumbukwa na aliyesahauliwa. Na kasi ya maji sio kitu cha kuongezeka kidogo kidogo kama unavyodhani, ipo kanuni ya zamani ya watu wa mito kwamba kasi ikiwa mara mbili, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa unaongezeka kama mara 64. Mara 64! Ndo maana jiwe ambalo sisi tulikuwa tunalifulia nguo utotoni, ambalo wanaume watatu hawalisogezi, asubuhi ile halikuwepo na hatujui liko wapi mpaka leo.

Sasa ongeza mabati. Sina ugomvi na mtu kujenga, na mimi nataka kujenga, ila tupige hesabu ya darasa la sita. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, hizo ni lita 5,000 yaani tani 5 za maji. Zamani zingeingia kwenye migomba na kahawa na kuzama taratibu. Leo zinatoka kwenye bati, zinagonga pavingi, zinaingia mtaroni, zinafika mtoni kabla hujamaliza chai. Nyumba 200 za mtaa mmoja zinakupa lita milioni moja, na hapo sijahesabu barabara. Halafu magari yanayoshuka mtoni kubeba mchanga, ukitoa mchanga chini mto unazama, ukizama kingo zinabaki zimesimama wima hazina pa kuegemea, zinadondoka. Hayo yote ni "kwa sababu". Hakuna hata moja linalohitaji mto uwe na hasira.

Na kwa kuwa nasema ukweli acha niseme na wetu. Pale ukingoni palikuwa na mkuyu. Mkubwa, mizizi yake ilikuwa imeshika ule ukingo kama mkono uliofumba ngumi, sisi watoto tulikuwa tunajificha humo. Tukaukata. Sio mtu wa nje, sisi, kwa sababu ulikuwa unazuia jua kwenye nyanya. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo zisiguswe na shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo, na sisi tulikuwa tunalima mpaka mdomoni mwa mto, mchicha unanywea maji mlemle, na njia nzima kuanzia juu hadi chini sijui kama kuna familia hata moja inaweza kuinua mkono ikasema sisi hatumo. Ukiniambia mafuriko yalikuja kutuadhibu kwa ule mkuyu nitakuuliza mbona tulikula nyanya misimu kumi na zaidi bila kuulizwa. Adhabu gani inasubiri hivyo? Mkuyu ulikuwa unashika udongo, haupo, udongo haukushikwa. Mbona inatosha.

Watu wakisikia hivi wanadhani namkana Mungu. Hapana, hayo ni mengine, na mama nampeleka kanisani mwenyewe nikiwepo. Ninachokataa ni kuusoma mto kama vile ni barua. Maana ukishaanza kuusoma hivyo lazima usome barua zote. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliteremka kutoka mlima Hanang likapita Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, wengine watoto wamelala. Masika yaliyofuata Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, akasimama bungeni mwezi wa nne akasema mafuriko na maporomoko yameshaua watu 155 nchi nzima. Mtu aliyekaa salama kwenye kochi anaweza kuiita hiyo fundisho. Nenda kamwambie mama wa Katesh mwanafunzi alikuwa nani.

Ile ya "maji hayasahau njia" kidogo nitaipa haki yake, maana ina kitu. Ukisimama pale ukingo ulipokatika, umekatika wima kama mkate uliokatwa na kisu kikali, unaona matabaka. Juu udongo mweusi, urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, una mizizi ya magimbi inaning'inia. Chini yake mchanga wa rangi ya majivu. Chini tena kuna mstari wa mawe ya mviringo, laini, yale ya mtoni kabisa. Nilichomoa moja nikakaa nalo mkononi muda mrefu. Maana yake ni kwamba mto ulishapita hapa, shamba la babu lenyewe liliwekwa na mto, na udongo ule mweusi tunaojisifia kwamba ukidondosha mbegu inaota ni tope la mafuriko ya watu wa kale ambao nao nadhani waliambiana ni fundisho. Kwahiyo bodaboda yuko sahihi kwamba njia ni ya zamani. Ila kukumbuka haukumbuki. Jiwe likidondoka kutoka juu ya meza hatusemi limekumbuka sakafu.

Na mambo haya ni makubwa kuliko mto. Ukienda Arusha ukaangalia mlima Meru kutoka upande wa Momella utaona upande mzima wa mashariki haupo, mlima umekaa kama kikombe kilichovunjika mdomo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, kifusi na tope vikamwagika kwenda mbali sana, na yale maziwa ya Momella ambapo watalii wanapiga picha za flamingo yamekaa juu ya kile kifusi. Hivi tuseme mlima ulibomoka ili flamingo wapate pa kusimama? Ukimwuliza flamingo labda atasema ndiyo. Mzee wa ng'ambo ni flamingo kabisa, namwambiaga mama hivyo anacheka.

Ila hapa ndo naona watu tunageuza kitu miguu juu. Mto hauna kusudi lakini vinavyoishi kwenye mto vinalo, au vina kitu kinachofanana nalo. Chukua kambale. Mvua zikianza na maji yakifurika kwenye majani, kambale wanatoka mtoni wanaingia kwenye yale maji ya pembeni, ya kina kifupi, wanataga humo. Mafuriko hayakuja kwa ajili ya kambale, kambale ndo amejipanga kwa ajili ya mafuriko, vizazi na vizazi. Na wazee wetu hivyohivyo, mifongo ile ya milimani inayotoa maji mtoni na kuyatembeza kwenye vihamba, yale mashamba ya kuzunguka nyumba, na kamati za kuisafisha na zamu za kumwagilia, hiyo ni watu kuingiza "ili" yao kwenye kitu kisichokuwa nayo. Mpunga wa Mabogini na Chekereni nao hivyo, tambarare ile imejengwa na tope la mlima, wakaja watu wakachimba mifereji, leo ni wali wako.

Aristotle, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliligusa hili kwa mfano ambao ningeapa aliishi Uru, huko mlimani juu yetu. Aliuliza kwa nini tusiseme mvua inanyesha tu kwa sababu mvuke ukipanda unapoa na kurudi chini, sio ili nafaka ziote, maana nafaka ya mtu ikilowa kwenye uwanja wa kupuria na kuoza hatusemi mvua ilinyesha ili ioze. Mwenyewe mwisho hakukubali, alibaki upande wa kwamba maumbile yana makusudi. Mimi nabaki na swali lake, jibu lake aende nalo.

Na kiukweli kuamini kwamba mto hauna nia na wewe kunapumzisha sana. Mama alikaa wiki nzima anajiuliza amekosea wapi. Mwanamke wa miaka 70, amelea watoto wake na wa wenzake, anakaa jikoni anapekua maisha yake akitafuta dhambi ya ukubwa wa hatua 7. Hilo ndo liliniudhi kuliko shamba. Nikamwambia mama hujakosea, tumekata mkuyu tu. Sasa hivi tumepanda mabingobingo na mianzi pale ukingoni, tumeacha nafasi, hatulimi tena mpaka mdomoni, na sitegemei mto uone aibu kwa sababu ya mianzi. Mizizi ikiwahi itashika, masika yakiwahi yatabeba, tutapanda tena.

Jioni kabla sijaondoka mzee wa ng'ambo akavuka na ndoo ya nyanya, kubwa, nyekundu, zinang'aa. "Shemeji, nimekuletea za mtoni." Mama akapokea, akashukuru vizuri, mzee alipoondoka akaniambia, "Baba, hizo ni nyanya zangu. Zimeota kwenye udongo wangu."

Nikaanza kumwelekeza, unajua sisi tuliosoma hatujui kunyamaza, nikamwambia mama, ule mchanga wa ng'ambo sio wako, ule umetoka kwa watu wa juu huko, Uru. Wako haukuvuka, ulishuka na maji, ukapita Mabogini, ukapita Kahe, ukaingia mto Ruvu, huu wa huku Kilimanjaro, na kama haukukwama njiani sasa hivi uko chini ya lile bwawa.

"Bwawa gani?"

"Nyumba ya Mungu."

Akafikiri kidogo, akachukua nyanya moja akaifuta na kanga.

"Basi umefika pazuri," akasema, akaanza kukata kachumbari.