Paka wa Mtaa Mzima na Paka wa Mtu Mmoja

Jamaa zangu walioko Lamu hushangaa ninapowaeleza kwamba hapa Leicester, Uingereza, mtu mzima mwenye kazi na heshima yake huamka usiku kumfungulia paka mlango, kisha akaamka tena kumfungulia arudi ndani. Kwao hiyo ni dalili kwamba paka wa Ulaya wamedekezwa mpaka wamewapanda watu vichwani. Nao Waingereza ninaofanya kazi nao, wakiona picha za paka waliojilaza barazani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, bila mwenyewe wa kutajwa, huwahurumia kwa kuwa hawana wa kuwapenda. Nimeishi na paka wa pande zote mbili, na naamini kwamba kauli zote mbili zinamwonea mnyama huyu, kwa sababu paka hujifunza kumwendesha binadamu kwa kadiri binadamu huyo alivyomzibia njia nyingine za kuishi.

Paka wa Lamu ana njia nyingi. Huzaliwa darini au katika gofu la nyumba ya mawe, hukulia vichochoroni ambako magari hayapiti, na mapema maishani hujua mashua zinashusha samaki wapi na ni nani anayepara samaki huku akitupa utumbo chini. Hana haja ya kumlilia mtu. Huketi hatua chache kutoka kwenye kisu, akakitazama bila kupepesa, na subira hiyo ndiyo inayomfanya mparaji atupe kichwa cha changu upande wake. Akikosa hapo, huenda kwenye mlango wa hoteli. Akifukuzwa hotelini, hupitia juu ya ukuta hadi uani kwa bibi fulani ambaye hula akiwa ameketi chini na hamalizi samaki wake. Wazee husema paka wa nyumba haingwa, na kwetu nyumba hiyo inaweza kuwa nyumba kumi. Hata saa zake huafikiana na zetu. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni, na saa hizo mji wa Waislamu tayari uko macho kwa sala, kwa hiyo hapati sababu ya kumwamsha mtu. Sisemi kwamba maisha hayo ni mepesi. Kusi inapovuma kwa nguvu na mashua zikashindwa kutoka, paka hukonda mbele ya macho yetu, na vitoto vyao vingi havifiki ukubwani.

Huku Leicester nyumba nyingi zimeunganishwa kwa safu ndefu, kila moja na mlango wa mbele na wa nyuma, na madirisha hufungwa karibu mwaka mzima kwa sababu ya baridi. Mara nyingi anayeishi ndani ni mtu mmoja. Hata palipotobolewa kitundu cha paka mlangoni, chakula kimo kabatini na kabati halifunguki ila kwa mkono wa mtu huyo. Paka wangu ameusoma mkono wangu vizuri kuliko mtu yeyote anavyonifahamu. Ninaporudi kazini hunitangulia jikoni huku akigeuka kuona kama namfuata. Nikikaa, hujipitisha miguuni. Nikizidi kuchelewa, husukuma kitu kilichoko mezani hadi kianguke, maana amekwisha kujua kwamba sauti ya kitu kuanguka huniinua mara moja. Mwezi Juni, jua linapochomoza kabla ya saa kumi na moja asubuhi, hukwaruza mlango wa chumba cha kulala. Wengi huku hujaribu kumpuuza paka wa aina hii, wakavumilia siku tatu, kisha siku ya nne wakainuka kwa uchovu, na hapo huwa wamemfundisha kwamba anayekwaruza siku nne hulipwa. Ubishi huo ambao watu huuita ujeuri wa paka ni somo ambalo sisi wenyewe tumelifundisha kwa uaminifu mkubwa.

Utafiti nilioutamani kuusoma zaidi unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, ambaye pia amewatafiti ndovu wa Amboseli kule kwetu Kenya, alichapisha na wenzake uchunguzi kuhusu mkoromo wa paka, ile sauti tunayoihusisha na kuridhika. Chanzo chake kilikuwa paka wake mwenyewe, Pepo, aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi kwa mkoromo usiokubali kupuuzwa. Waligundua kwamba baadhi ya paka, wanapotaka chakula, huchanganya ndani ya mkoromo wa chini sauti nyembamba ya takriban hezi 380, yaani mitetemo 380 kwa sekunde, iliyo karibu na kilio cha mtoto mchanga, na kwamba hata watu ambao hawajawahi kufuga paka waliisikia kuwa ni ya haraka na isiyopendeza kuliko mkoromo wa kawaida. Kilichonigusa zaidi ni maelezo yake kwamba sauti hiyo huonekana zaidi kwa paka wanaoishi kwa ukaribu na mtu mmoja, ilhali katika nyumba zenye watu wengi, ambamo mkoromo haungesikika, paka hutegemea zaidi kulia. Mwito wenyewe basi hufuata ukubwa wa nyumba na upweke wake. Paka wakubwa, isitoshe, ni nadra kuliliana wao kwa wao. Kilio ambacho kitoto humlilia mama yake, sisi ndio tunaoliliwa nacho hadi uzeeni mwao.

Uingereza imeiweka hali hii ya paka kuwa na mwenyewe katika sheria: tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka anayefugwa ndani ya England lazima awekewe chipu ya utambulisho kabla ya kufikisha wiki 20, na mmiliki asiyetii aweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Sheria hiyo naiona nzuri, kwa kuwa inamtaja anayewajibika. Waislamu tuliifahamu hoja hiyo zamani katika Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa, asimlishe wala asimwache ajitafutie mwenyewe ardhini. Hadithi inayataja yote mawili pamoja, kumfungia na kumnyima, na kila aliyefunga mlango wake huku ughaibuni anapaswa kuisoma upya.

Ndiyo maana nasikitika ninapowaona Waswahili wenzangu wakisafiri nyumbani kwa wiki nyingi na kumwachia paka mashine ya kumwaga chakula. Paka wa Lamu, mwenyewe akisafiri, huhamia kwa jirani siku hiyo hiyo. Huyu wa huku amejifunza kuzungumza na mtu mmoja tu, na mtu huyo ameondoka. Mwalike atakayemtunza aje nyumbani mapema, ale na kukaa naye mara kadhaa kabla ya safari, na umweleze waziwazi kilio kipi ni cha mlango, kipi cha maji, na kipi kinamaanisha kwamba mnyama hayuko sawa na apelekwe kwa daktari.