Queen hawakuwa mtu mmoja: neno langu juu ya A Night at the Opera

Mtaje Freddie Mercury pale Unguja, utajibiwa papo hapo: huyo wa kwetu. Ni kweli. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani. Nafurahi kwamba tunamkumbuka. Linaloniuma ni jinsi tunavyoisimulia kazi yake: tunataja wimbo mmoja, Bohemian Rhapsody, na mtu mmoja, basi. Albamu iliyouzaa wimbo huo, A Night at the Opera ya mwaka 1975, wengi hawajawahi kuisikiliza, na wenzake watatu katika Queen, bendi yao ya roki ya Uingereza, hawatajwi kabisa. Kwangu mimi huko ni kumpunja hata yeye mwenyewe, maana alichokijenga alikijenga na watu.

Tuanze na hali waliyokuwa nayo. Mwaka 1974 wimbo wao Killer Queen ulifika namba mbili Uingereza. Ukiwaona kwenye televisheni ungedhani wana hela. Wapi! Mkataba wao na Trident, kampuni iliyowasimamia, uliwaweka kwenye mshahara mdogo wa kila wiki, huku madeni yakizidi kupanda. John Deacon, mpiga besi, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Akaomba mkopo wa kutanguliza malipo ya nyumba, akanyimwa. Mwaka 1975 wakajitoa kwenye mkataba ule na kumpata meneja mpya, John Reid, aliyekuwa pia meneja wa Elton John. Huyu akawaambia waende studio wakatengeneze albamu bora kadiri wawezavyo, mambo ya fedha wamwachie yeye.

Hasira ya miezi ile ndiyo inayofungua albamu. Katika Death on Two Legs Freddie anamchamba mtu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hakumtaja jina, lakini mlengwa alijijua, na jambo likafika kwa wanasheria. Aliyekulia kwenye mipasho ya taarab hahitaji kuelezwa hapo kinachoendelea.

Walirekodi kuanzia Agosti hadi Novemba, katika studio kadhaa: Rockfield, ambayo ni shamba lililogeuzwa studio huko Wales, na nyingine London, Sarm mojawapo. Mara nyingine walijigawa, huyu yuko studio hii anaimba, yule yuko nyingine anapiga gitaa. Ilisemwa kuwa hakuna albamu iliyowahi kugharimu fedha nyingi kiasi hicho Uingereza. Sioni ajabu, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi ambayo mitambo ya wakati ule haikutengenezwa kuifanya.

Mashine ya ukanda ilikuwa na njia 24 tu za kurekodia. Njia zikijaa, unachanganya kadhaa kuwa moja, unapata nafasi, unaendelea kuimba. Zikijaa tena, unachanganya tena. Kila mara ukanda unapita kwenye vichwa vya mashine, na ule unga wa kahawia unaobeba sauti unazidi kusagika. Kwenye sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody ukanda uliliwa hivyo hadi, kwa simulizi ya waliokuwepo, ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Ile kwaya nzima unayoisikia ni koo tatu tu: Freddie, mpiga gitaa Brian May, na mpiga ngoma Roger Taylor, ambaye ndiye mwenye zile sauti nyembamba za juu kabisa ambazo watu wengi humpa Freddie. Sehemu hiyo peke yake ilikula wiki tatu hivi. Nyuma ya mitambo walikuwepo mtayarishaji Roy Thomas Baker na fundi wa sauti Mike Stone. Wawili hao nao wana haki yao katika sifa hizi.

Lakini sehemu inayonishika zaidi haiko kwenye wimbo huo. Iko kwenye Good Company, wimbo wa May. Sikiliza katikati: utasikia bendi ya jazi ya zamani, tarumbeta, tromboni, klarineti. Hakuna hata kimoja. Yote ni gitaa lake, lile alilolichonga na baba yake akiwa kijana, kwa mbao zikiwemo za fremu ya meko ya zamani. Alirekodi noti moja au mbili, akabadili sauti ya gitaa, akarekodi nyingine, mpaka bendi ikakamilika. Kwenye Seaside Rendezvous ni mdomo: Freddie na Taylor wanaiga vyombo vya kupuliza, na zile kelele za viatu vya mcheza dansi ni vidole vyao vilivyovaa subana, zile za mafundi cherehani, wakigonga meza ya mitambo. Kwenye jalada waliandika kwamba hawakutumia sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki kinachounda sauti za vyombo vingine. Walikuwa na kila haki ya kujivunia.

Na Deacon, yule mkimya asiyeimba? Alimwandikia mkewe You're My Best Friend kwa piano ya umeme. Freddie hakuipenda sauti ya kinanda kile, akakataa kukipiga. Deacon akakichukua nyumbani, akajifunza, akakipiga mwenyewe kwenye rekodi. Kwa ajili ya '39 May alimwambia kwa mzaha apige besi kubwa ya kusimama, chombo ambacho hakuwahi kukipiga. Baada ya siku chache akakutwa nacho, anakipiga.

Habari za kutoka kwa albamu zinajulikana zaidi, sitazirefusha. Bohemian Rhapsody ilitolewa kama singo, yaani sahani ndogo ya wimbo mmoja kila upande; ilikuwa na karibu dakika sita, kampuni ya rekodi ikasita. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaipiga mara 14 ndani ya siku mbili, watu wakaanza kuisaka madukani. Ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975 na kukaa namba moja wiki tisa. Albamu ikafuata tarehe 21 Novemba, nayo ikashika namba moja Uingereza.

Upande wa pili wa singo uliwekwa I'm in Love with My Car, wimbo wa Taylor. Kila singo iliyouzwa ikamletea mirabaha ya utunzi sawasawa na Freddie, na jambo hilo likazua ugomvi wa muda mrefu ndani ya bendi. Mwaka 1989, kwenye The Miracle, waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen. Naielewa busara yake, ila kama msikilizaji napenda zaidi jalada la 1975, ambapo kila wimbo una mwenyewe: Freddie mitano, May minne, Taylor mmoja, Deacon mmoja, na wimbo wa taifa wa Uingereza kwa gitaa mwishoni. Ukiipata albamu, anza na '39. Ni wa wasafiri wa anga wanaoondoka kwa mwaka mmoja na kukuta nyumbani imepita karne nzima, na May aliyeutunga alikuwa ameacha njiani masomo ya shahada ya udaktari (PhD) ya elimu ya anga. Aliyamaliza mwaka 2007.