Boga la Mlangoni Liishie Jikoni

Hapa Minnesota, Septemba ikifika ukingoni tu, maduka yanafurika majani ya plastiki, maboga ya sponji na mashada ya mlangoni yaliyotiwa manukato ya mdalasini. Nawaomba Waswahili wenzangu mlioko Marekani na Kanada: pambeni nyumba zenu msimu huu wa majani kupukutika, tena mzipambe haswa, ila hela yenu mpelekeeni mkulima.

Nasema pambeni kwa sababu wengi wetu tumejiambia kwamba hayo ni mambo ya wenyewe wa huku. Sikubaliani na hilo. Boga lilianza kulimwa Meksiko karibu miaka 10,000 iliyopita, likavuka bahari kama yalivyovuka mahindi na mihogo, likawa la bibi zetu. Hata desturi ya kulichonga sura kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya mizimu ya Oktoba 31, ilikuja na Waayalandi waliomiminika Marekani karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi mnene. Huku wakakuta boga, kubwa zaidi na rahisi kuchimba. Nao walikuwa wahamiaji, wakachanganya cha kwao na walichokikuta. Kama dini yako haikuruhusu kuweka mafuvu na mizimu ya Halloween mlangoni, nakuelewa kabisa. Mavuno hayahitaji mzimu.

Ninachopinga mimi ni kisu. Boga likishatobolewa halimalizi wiki mbili: ukungu unaingia ndani, linabonyea, linatupwa. Huko jalalani, chini ya takataka ambako hewa haifiki, linaoza na kutoa gesi ya methani. Chakula kizima! Lakini boga lisiloguswa, likikaa mahali pakavu penye ubaridi, linakwenda miezi miwili, hata mitatu, na muda wote huo ni pambo.

Basi chagua la kuliwa. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayorundikwa nje ya supamaketi yamekuzwa kwa ajili ya kuchongwa. Nyama yake ni maji na nyuzinyuzi. Tafuta kabocha, lile la kijani lenye mistari hafifu. Ukilipika linakuwa kavu na tamu, karibu sana na boga la nyumbani. Kwenye soko la wakulima la St. Paul nenda kwa wakulima wa Kihmong, jamii ya wahamiaji kutoka Laos. Ukiwahi msimu, kwao utapata hata majani machanga ya maboga. Likandamize ganda kwa ukucha: ukucha ukizama, liache, halijakomaa. Kikonyo kiwe kigumu na kikavu, wala usilibebe kwa kikonyo, maana kikikatika uozo huanzia hapo hapo. Ongeza mahindi ya rangi, yale ya punje nyekundu na za zambarau. Yafunge kwa maganda yake uyaning'inize ukutani. Vile vibuyu vidogo vyenye vinundu ni vya kutazama tu. Vingi vina uchungu unaoweza kukuvuruga tumbo.

Majani hayanunuliwi. Yaokote chini ya mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, uyapange katikati ya magazeti, uweke vitabu vizito juu kwa wiki nzima. Rangi ya manjano ilikuwamo siku zote, imefunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo hutengenezwa msimu huu jua likipungua. Tahadhari moja: usikate ule mtambaazi wa Asia uitwao Oriental bittersweet, wenye matunda mekundu ndani ya maganda ya manjano, hata kama shada lake linavutia. Ndege hula matunda, mbegu zinasambaa, na mmea huo hunyonga miti mpaka ikafa. Minnesota imeupiga marufuku.

Na taa. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na hapa jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Kwa aliyezoea machweo ya saa kumi na mbili mwaka mzima, giza hilo linaingia hadi moyoni. Zima ile taa nyeupe ya darini, washa taa ndogo za mwanga wa manjano pembeni, karibu na maboga. Mimi naliona hilo ni la lazima kuliko mapambo mengine yote.

Usiku wa baridi kali maboga yaingie ndani. Yakiganda yanalegea na hayafai tena. Kindi nao hawana huruma. Ikifika Thanksgiving ya Marekani, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, anza kuyashusha moja moja: vipande vinene, tui zito, iliki, chumvi kidogo na sukari ya kiasi chako, moto mdogo hadi tui likauke na kushika. Mbegu zioshe, zianike usiku kucha, uzikaange kavu kwa chumvi. Likibaki lililolegea, miji mingi huku ina mapipa ya mabaki ya chakula. Lipeleke likawe mbolea.