Kiungo cha Bomba Kisifukiwe

Kila ninapotembelea mashamba ya mboga ya wenzangu hapa Unguja, huoneshwa mipira ya kumwagilia kwa matone iliyonyooshwa juu ya matuta ya tungule, na mwenye shamba hunitajia bei yake kwa fahari. Nikimwuliza imeungwa wapi na bomba lililo chini ya ardhi, hunyoosha kidole tu: "Hapo hapo, karibu na mgomba." Kwa maoni yangu kasoro huanzia hapo, kwa sababu tunagharimia mipira, tunafanya ubahili kwenye kiungo, kisha kiungo chenyewe tunakifukia.

Nami nilifanya vivyo hivyo shambani kwetu Bambi. Fundi alifukua bomba la plastiki la inchi moja, akalikata kwa msumeno wa chuma huku maji yakichuruzika, akalifuta kwa kitambaa, akapaka gundi na kutia tii, yaani kiungo cha njia tatu. Nilipomwomba tusubiri likauke, alinijibu, "Itashika tu, bwana, maji yenyewe hayana nguvu." Gundi ilishika kweli. Siku ya tatu, hata hivyo, miche ya mwisho wa matuta ilikuwa imenyauka, na nilipofungua ncha ya mpira mmoja na kuukung'uta kiganjani, ulitoka udongo mwekundu uliochanganyika na unga mweupe wa plastiki iliyokatwa. Njia ya maji ndani ya tundu la kudondoshea huwa na upana wa milimita 1 hivi, kwa hiyo chembe chache kama hizo zinatosha kuiziba.

Sasa bomba langu hukatwa baada ya kufungiwa maji na kukaushwa, kingo zake husuguliwa kwa msasa, na kutoka kwenye tii hupandishwa bomba la wima hadi kufika magotini. Huko juu ndiko zinakokaa koki, vali ya kuzuia maji yasirudi na chujio la matundu ya mikroni 130 hivi, yaani milimita 0.13, ambalo hulifungua na kuliosha kila wiki. Mipira huungwa mwisho, baada ya maji kuachwa yamwagike mpaka yawe meupe.

Vali hiyo ndiyo ambayo wengi huiona ya ziada, na ndiyo nisiyokubali kuikosa. Maji ya mfereji yakikatika, bomba linalojimwaga kuelekea bondeni hufyonza, na mpira uliolala juu ya udongo hunyonya tope; aliyetia mbolea kwenye maji hurudishiwa mbolea hiyo katika bomba lile lile linalojaza mtungi wa nyumbani. Sidhani kama yupo anayetamani chai ya yurea.

Nguvu ya maji hainisumbui sana. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kipimo cha nguvu ya maji, hivyo mwenye tanki kwenye jukwaa la mita 2 ana baa 0.2 tu, naye afupishe mipira yake. Anayetumia pampu ndiye anayehitaji kipunguza nguvu, kwani mipira myembamba hupasuka.

Jirani yangu hunionya kwamba bomba lililosimama litagongwa na ng'ombe. Limeshagongwa mara moja, na nililitengeneza kwa nusu saa bila ya kushika jembe.