Tulikata maziwa ya mtoto, tukaacha kadi za harusi

Mwaka 2022, petroli ilipopita Sh3,000 kwa lita hapa Dar na mafuta ya kula tukawa tunayapima kama dawa, mimi na mume wangu tulikaa mezani usiku mmoja kupunguza matumizi. Biashara yake ilikuwa imelala. Tulimaliza kwa dakika kumi tu. King'amuzi tusikilipie. Nyama iwe ya Jumapili. Na maziwa ya mtoto mdogo, nusu lita ya Sh1,000 kila siku, tukayafuta.

Alikuwa na miaka mitatu. Asubuhi ya kwanza alishika kikombe chake cha bluu, akachungulia, akaona chai ya rangi, akanirudishia bila kusema neno. Asubuhi ile inaniuma mpaka leo.

Mwisho wa mwezi nikafungua daftari la matumizi. Kadi mbili za kuchangia harusi, single, yaani za kuingia mtu mmoja, Sh50,000 kila moja. Kitenge cha sare ya kitchen party pamoja na ufundi, Sh45,000. Jumla Sh145,000, karibu maziwa ya miezi mitano. Na usiku ule mezani hakuna kati yetu aliyetaja michango. Tuliichukulia kama kodi ya nyumba: inalipwa, basi.

Tangu hapo nimeangalia nyumba nyingi zikibana matumizi, na naona kosa ni lile lile. Tunaanza kumkata asiyeweza kutulalamikia: mtoto, dada wa kazi anayeambiwa mshahara usubiri, mama wa nyumba mwenyewe anayeruka siku mbili tatu za dawa ya presha. Yule anayeweza kutusema mbele za watu tunamlipa kwa wakati.

Umeme una hesabu yake, na inafaa kuijua: aliye kwenye kundi la matumizi madogo la LUKU, umeme wa kulipia kabla, akivuka uniti 75 kwa mwezi, zinazofuata zinapanda bei zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo nguo tunapiga pasi mara moja kwa wiki. Lakini hata ukizima taa zote, hutafikia kadi moja ya double, ya watu wawili.

Sisemi michango ni mibaya. Harusi yangu ilichangiwa, na wapo walionichangia wakiwa hawana. Msibani sikati kabisa. Rambirambi na sufuria ya maharage vitatoka hata kwa kukopa, kwa sababu kifo hakimpi mtu nafasi ya kujipanga. Ninachokikataa ni kupangiwa kiwango cha chini cha kuchangia. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, jina lako linaandikwa, mbele yake panaachwa wazi, na kila asubuhi katibu anarusha orodha upya ili walio wazi waonekane. Leo send-off, kesho harusi yenyewe, kila moja na kamati yake. Fedha inaishia ukumbini, kwa MC na mapambo, na maharusi wakirudi fungate wanakuta mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita.

Mara ya kwanza kukataa kadi mikono ilinitetemeka. Ilikuwa harusi ya binamu, na shangazi alinipigia siku hiyo hiyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimeona umeandika ishirini. Watu watasemaje?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya kikombe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hali imefika huko, na wewe hukusema." Jumamosi yake akaja na dumu la lita tatu za maziwa na mkungu wa ndizi. Hapo nikaelewa kwamba kwa kulipa kadi kimya kimya nilikuwa nawaficha ndugu zangu shida ambayo wangenisaidia kuibeba.

Kwa hiyo nawaomba wenye kamati: pokeeni anachotoa mtu, na orodha ikae kwa mweka hazina. Nanyi mnaobana matumizi, fungueni daftari kabla hamjagusa sahani ya mtoto.

Mwezi ujao jirani yetu anaoza binti. Nimetoa Sh20,000 na kumwambia katibu asinihesabie kiti ukumbini. Kanisani nitakuwepo tangu saa mbili, na vigelegele nitapiga vya kutosha.